Sura ya Nne: Kaza Kushoto

"Hii hapana," alisema Fundi, akairudisha nati juu ya kaunta. "Hii nayo hapana. Na hii imeshaliwa na spana, pembe zote zimekwisha."

Mwenye duka alimtazama juu ya miwani yake. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba chenye ndoo za nati na bolti kuanzia sakafuni hadi darini, na watu wa gereji zote za jirani walimwita Bibi Nati. Alijua kila kitu kilipo bila kuwasha taa, na hakupenda kuharakishwa.

"Mwanangu, unachagua nati au unachagua mume?"

"Mume ningeshapata, bibi. Nati ndiyo kazi."

Inspekta alicheka, halafu akakumbuka kwamba yuko kazini. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya kreti lililopinduliwa, daftari gotini, jalada kwapani. Kituoni walimwita Bwana Kwa Nini, na hakuwahi kukasirika, maana jina lenyewe alilitafuta mwenyewe kwa mdomo wake.

Jalada lile lilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Lilieleza habari za lori moja la kampuni, mteremko mmoja, gurudumu la nyuma kushoto lililochomoka, na dereva aliyekufa papo hapo. Mwisho wa ripoti palikuwa na maneno matatu: uzembe wa dereva. Dereva huyo alikuwa baba yake Fundi.

Lori lenyewe sasa lilikuwa bandani kwa Fundi. Alilikuta kwenye yadi ya vyuma chakavu, akalivuta hadi nyumbani, na kwa miaka miwili alikuwa akilirudishia sura yake ya zamani, kipande kwa kipande. Wakati huohuo alikuwa ameandika barua kituoni, akitaka maneno yale matatu yafutwe kabla mama yake hajafumba macho. Mkuu wa kituo alimpa Inspekta hadi Ijumaa. Leo ilikuwa Jumatano asubuhi.

"Inchi au milimita?" aliuliza Bibi Nati.

"Inchi. Gari lile ni la zamani, milimita halizijui."

"Ngapi?"

"Kumi na sita za magurudumu ya nyuma. Nane za kulia, nane za kushoto."

Inspekta aliinua kalamu. "Kwa nini uzitenganishe? Nati si nati?"

Wanawake wawili wakatazamana. Kisha Bibi Nati akasema kwa huruma, "Mweleze, maskini."

Fundi alichukua nati mbili, akamwekea kiganjani moja moja. "Malori mengi ya aina ile yalitengenezwa hivi. Magurudumu ya kulia unakaza kwa kuzungusha kulia, kama kitu chochote. Ya kushoto, meno ya nati yamechongwa kinyume, kwa hiyo unakaza kwa kuzungusha kushoto. Ni ili gurudumu likizunguka safarini lisizifungue zenyewe. Unaona mkato huu mdogo kwenye pembe? Yenye mkato ni ya kushoto."

Inspekta alizitazama nati zile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akafungua jalada, akatoa picha iliyopauka, akaiweka juu ya kaunta. Ilikuwa picha ya dashibodi. Mtu alikuwa ameandika kwa brashi na rangi nyeupe, herufi kubwa zilizoinama kidogo: KAZA KUSHOTO.

"Mwandiko wa baba," alisema Fundi. Hakuigusa picha.

"Aliyeandika ripoti alisoma maneno haya hivi: upande wa kushoto umelegea, dereva anajua, amejiandikia akumbuke kuukaza, na hakuukaza. Kesi yote ya uzembe imejengwa juu ya maneno haya mawili. Sasa wewe yasome."

Fundi aliyasoma. Akaziba mdomo kwa mkono wenye grisi.

"Si upande, Inspekta. Ni njia! Kaza kwa kwenda kushoto. Aliwaandikia wengine. Mtu akiazimwa gari lake asije akazifungua akidhani anazikaza."

"Loo," alisema Bibi Nati. "Yaani mtu wa watu kahukumiwa kwa kuwatakia wenzake heri."

"Basi uzembe umefutika," alisema Fundi.

"Bado," alisema Inspekta. "Gurudumu lilichomoka. Kwa nini lilichomoka?"

"Kwa sababu kuna mtu alizungusha kulia." Alijibu upesi; ilionekana jibu hilo alikuwa nalo siku nyingi. "Baba asingekosea, ni gari lake. Kuna mtu alishika spana asubuhi ile, akalegeza nati zote akidhani anafanya la maana. Mimi nataka jina lake. Sitaki afungwe. Nataka anitazame machoni aniambie, ni mimi."

Bibi Nati alikuwa anazihesabu zile zenye mkato. Kila moja aliipitishia tupa kwenye pembe, na tupa iliteleza bila kuacha alama.

"Chuma kigumu hiki," alisema. "Gurudumu halifungwi kwa chuma cha kufungia kitanda. Tupa ikiuma, usinunue."

Inspekta aliandika hilo pia. Hakujua litamfaa nini, lakini yeye alikuwa mtu wa kuandika kwanza.

*

Nyumba ya mama yake Fundi ilikuwa ng'ambo ya uwanja uleule wenye banda, hatua arobaini tu. Kwa miaka miwili mama huyo hakuwahi kuzipiga hatua hizo. "Analichukia lile gari," Fundi alikuwa amemwambia Inspekta. "Hata jina lake hataki kulisikia."

Inspekta alikwenda peke yake. Alimkuta kwenye cherehani karibu na dirisha, gauni la mtu likiwa nusu limeshonwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, lakini angalia, usikalie pini."

Alikagua kiti, akakaa. Akaanza kama alivyozoea, kwa maswali mepesi. Siku ile dereva aliamka saa ngapi? Jua lilikuwa limeshatoka. Lori lilikuwa wapi? Hapo hapo uwanjani, alikuja nalo jioni iliyotangulia kutoka karakana ya kampuni. Nani alikuwa nyumbani? Yeye na mumewe tu, binti alikuwa ameshakwenda shule.

"Kuna mtu mwingine aliyeligusa gari kabla halijaondoka?"

Cherehani ilisimama. Mama aliinua mguu wake taratibu kutoka kwenye kanyagio.

"Unauliza, au unajua?"

"Ninauliza, mama."

"Basi andika. Ni mimi."

Inspekta hakuandika. Mama aliikunja mikono juu ya gauni lile na kusema yote kwa mkupuo.

Mumewe alikuwa na desturi ya kukagua nati za magurudumu kila anaposafiri, na kwa sababu hiyo chai yake aliinywa amesimama, mguu mmoja nje. Asubuhi ile mgongo ulikuwa unamuuma. Alikuwa anaoga, na spana ameshaiweka chini karibu na gurudumu la nyuma kushoto. Mama akaona amsaidie, ili kwa mara moja mume wake akae mezani kama watu wengine. Yale maandishi ya dashibodi alikuwa ameyaona siku zote. Kaza kushoto. Akaenda kushoto, akakaza.

"Nilizungusha kulia," alisema. "Kama ninavyofunga chupa. Nani angenifundisha vingine? Alipotoka bafuni nikamwambia, nimeshakukazia, njoo unywe chai. Akacheka. Akasema, leo nimepata utingo mwenye shanga. Akakaa robo saa nzima. Hakwenda kukagua tena, mwanangu. Kwa sababu nilimwambia mimi."

Nje, kutoka bandani, nyundo ya Fundi iligonga mara tatu na kunyamaza.

"Lini ulijua kwamba kulia si kwenyewe?"

"Baadaye sana. Mtu anayejua magari alinieleza."

"Nani?"

"Mtu tu."

Huyu mwanamume aliyeitwa Bwana Kwa Nini alikuwa na swali mdomoni, akalimeza. Badala yake akauliza jingine, la ufundi, kwa sauti ya chini.

"Mama, unakumbuka zile nati mkononi zilikuwaje? Ulipozungusha, zilikuwa nzito kwanza halafu zikawa nyepesi?"

Mama alifikiri. Mikono yake iliinuka kutoka kwenye gauni, ikashika spana isiyokuwepo.

"Hapana. Zilisogea kidogo, robo ya duara hivi, halafu zikagoma. Nikapanda juu ya mpini kwa miguu yote miwili. Siku hizo nilikuwa na mwili, usinione hivi. Zikagoma kabisa. Ndiyo maana nilimwambia kwa kujiamini kwamba nimekaza."

"Zote nane?"

"Zote nane."

Hilo Inspekta aliliandika, na akalipigia mstari. Nati inayofunguliwa huanza kwa kugoma, kisha huachia. Hizi zilianza kwa kusogea, kisha zikagoma.

"Usimwambie mwanangu," alisema mama. "Nimebaki na yeye tu. Ripoti yako iandike unavyotaka, jina langu weka, lakini asilisikie kwako."

"Kwangu halitatoka, mama," alisema Inspekta, na alimaanisha.

*

Bandani, Fundi alikuwa amelala chini ya lori na hasira zilikuwa zimempanda.

"Bibi Nati kaniingiza mjini!" alifoka akitoka kwa kuserereka. "Nati nane, zote zina mkato, na hakuna hata moja inayoingia. Zinashika jino moja halafu zinakwama."

"Jaribu zile za kulia."

"Za kulia? Hili ni gurudumu la kushoto, Inspekta, nimekueleza asubuhi."

"Nimeelewa. Jaribu."

Fundi aliguna, akachukua nati isiyo na mkato, akaigusisha kwenye bolti. Ilikuwa bolti ya tatu kutoka juu, moja kati ya zile chache zilizobakiwa na meno, na alikuwa ameshaisugua kutu. Akazungusha kulia kwa vidole viwili. Nati iliingia, ikaendelea kuingia, mpaka ikafika mwisho.

Alichuchumaa pale akiiangalia. Kisha, bila kuambiwa, akachukua tochi na kuingiza kichwa nyuma ya habu, kile kitovu cha gurudumu.

"Si bolti zake," alisema kutoka kule ndani. "Bolti ya gurudumu ina kichwa cha mviringo. Hizi zina pembe sita. Hizi ni bolti za kufungia bodi, mtu kazipachika hapa. Na hazina hata namba ya ugumu kichwani."

"Tupa unayo?"

Alikuwa nayo. Aliipitisha kwenye bolti mara moja tu. Ilikwaruza, ikauma, ikaacha mfereji mweupe unaong'aa na unga wa chuma ukadondoka kwenye kiatu chake.

Inspekta alifungua jalada kwenye meza ya kazi, akasogeza makopo ya grisi. Alitoa karatasi ya kwanza, kadi ya karakana ya kampuni, ya siku mbili kabla ya ajali: bolti nane na nati zake zimebadilishwa, nyuma kushoto. Mahali pa sahihi ya dereva palikuwa patupu. Kisha akatoa bahasha ndogo ya kaki. Pini iliyoifunga ilikuwa imeota kutu, na karatasi ilikuwa imeganda na pini. Tangu ilipofungwa barabarani siku ya ajali, hakuna aliyewahi kuifungua.

Alimkabidhi Fundi aifungue yeye.

Zilidondoka nati tano. Fundi alizipanga kwenye mstari juu ya meza, akazigeuza moja baada ya nyingine chini ya mwanga. Ndani ya kila nati kulikuwa na kipande cha bolti, kimekatika mwishoni, kimekaa ndani ya meno yake barabara.

"Zisome," alisema Inspekta.

"Nati hazikufunguka," alisema Fundi polepole. "Ingekuwa zimefunguka, zingetoka tupu. Hizi zimetoka na bolti zake. Bolti ndizo zilizokatika. Chuma laini, mzigo, mteremko. Zilikatika moja baada ya nyingine."

"Rimu lililochomoka unalo?"

Lilikuwa limeegemezwa ukutani. Fundi alilivuta kwenye mwanga. Inspekta alichutama naye, na wakayatazama matundu manane ambamo bolti zilikuwa zinapita.

"Gurudumu likilegea hucheza," alisema Fundi, "na likicheza, matundu haya hupanuka, yanakuwa kama yai. Nimeona mamia. Haya ni ya duara. Kwa hiyo hakuna aliyelegeza."

"Hakuna."

"Miaka yote nimekuwa nikimtafuta mtu ambaye hayupo. Unajua nilivyomchukia?"

Inspekta alijua. Kunyamaza kulimpa kazi kubwa kuliko ushahidi wote wa siku ile. Mwisho akafunga jalada.

"Kamwite mama yako."

"Haji. Nimekwambia, hapakanyagi hapa."

"Mwambie mpelelezi ana swali la ushonaji."

*

Alikuja. Alisimama kizingitini na futi yake ya kupimia bado iko shingoni. Alilitazama lori mara moja, tangu taa hadi nyuma, akageuza macho upesi kwa Inspekta. Uso wake ulisema kwamba alidhani ahadi imevunjwa.

"Swali gani hilo, mwanangu?"

"La kitambaa, mama. Mshono ukilegea, na nguo ikawa inavaliwa hivyo hivyo, inavutwa huku na huku, matundu ya sindano yanakuwaje?"

Mama alishangaa, lakini kazi ni kazi. "Yanapanuka. Uzi unacheza ndani yake, unayatanua. Hata mwanafunzi wa cherehani anajua."

"Na mshono ukiwa umekazwa vizuri, halafu uzi wenyewe ukawa mbovu, ukakatika ghafla?"

"Hapo matundu yanabaki vilevile madogo. Kosa ni la uzi, si la mshonaji."

"Asante. Sasa njoo unisaidie kukagua hiki."

Fundi alikuwa anawatazama wote wawili bila kuelewa. Inspekta alimwongoza mama hadi kwenye rimu, akamwonyesha tundu la kwanza. Mama alitia kidole. Alikizungusha ukingoni pole pole, kama anavyokagua pindo kabla ya kumkabidhi mteja. Akaenda la pili. Akaenda la tatu. Hakuruka hata moja. Alipofika la nane, kidole kilibaki humo.

"Halijapanuka," alisema.

"Na mengine?"

"Hakuna lililopanuka. Kwa hiyo mimi sikuzilegeza?"

"Mama?" alisema Fundi. "Wewe?"

Mama aliendelea kuliangalia tundu. "Nilimkazia baba yako asubuhi ile. Nilitaka akae anywe chai. Nilizungusha kulia."

"Na kulia ndiko kulikokuwa kwenyewe," alisema Inspekta. "Karakana ilikuwa imebadilisha bolti siku mbili kabla, ikaweka za kulia, tena mbovu, na haikumwambia mtu. Ulikaza, mama. Zilisogea robo zikagoma, si ndivyo ulivyoniambia? Nati ya kulia ikikazwa kulia ndivyo inavyofanya. Zimeokotwa barabarani bado zimeshika bolti zake. Mume wako aliondoka hapa na gurudumu lililokazwa. Hivyo ndivyo nitakavyoandika Ijumaa, na jina la karakana litakuwamo."

Mama alikaa juu ya tairi lililolala, akajifunika uso kwa futi na viganja, akalia kwa sauti kama mtoto. Fundi alipiga magoti mbele yake kwenye mafuta. Inspekta aliona ni vizuri akague jalada lake karibu na mlango.

"Miaka ishirini na miwili, mama! Umekaa na jambo hili miaka ishirini na miwili?"

"Si ishirini na miwili." Mama alijifuta, akamfuta na binti yake grisi shavuni kwa ncha ya kanga. "Kumi na minane. Ile minne ya kwanza nililia tu kama mjane yeyote. Sikuwa nikijua."

"Na nani alikwambia? Nani huyo aliyekuja kukwambia magurudumu ya kushoto yanakazwa kushoto?"

Mama hakutaka kusema, ilionekana. Alimshika binti yake kichwa kwa mikono yote miwili.

"Ulikuwa umerudi kutoka chuo cha ufundi, wiki yako ya kwanza, na ovaroli yako mpya unaiburuta. Hukuvua hata viatu. Ukashika sufuria na mfuniko wake, ukanionyesha: hivi ni kulia, mama, na hivi ni kushoto, hivi ndivyo lori la baba lilivyokuwa. Tangu tumzike sikuwa nimekuona una furaha. Nikacheka na wewe, nikakupakulia chakula."